Stemu ya Boliti Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Sikukuu ya wafanyakazi. Ghala limefungwa. Siku nzuri ya kupanga mapinduzi madogo.

Owuor, kapteni wa klabu yetu ya baiskeli za mlimani, ametangaza kwamba anahamia Perth. Kiti kiko wazi! Klabu ya Mteremko ya Waafrika Mashariki wa Mount Druitt ina wanachama kumi, akiwemo mke wangu Rhoda, saba kati yao wana baiskeli. Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 18, chini ya mlima, tukishamaliza kuteremka. Kapteni hutangulia njia nzima na wengine wote humfuata.

Nakitaka kiti hiki. Nitasema kweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nina miaka tisa Sydney. Ghalani wananiita Jan, kwa sababu Januari ni refu mno kwao. Binti yangu Kokushubila ana miaka kumi na mitatu na hajawahi kuniona nikiwa mbele ya kitu chochote, isipokuwa foleni. Nataka anione mbele. Mara moja tu.

Mpinzani wangu ni Gratien, Mrundi, anahudumia wazee Fairfield. Mtu mpole. Wapole ni hatari sana wakati wa uchaguzi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemchunguza Gratien. Taarifa mbaya. Ujanani alikuwa akibeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mlima mzima, baiskeli ya chuma isiyo na gia, breki yake soli ya kiatu. Mimi ni Mhaya. Ndizi nimezila maisha yangu yote, sijawahi kuziteremsha.

Lakini mimi nina elimu! Sisi Wahaya hatujisifu, tunaeleza ukweli tu. Nimegundua kwamba siri ya mteremko iko kwenye stemu, kile kipande kifupi kinachounganisha usukani na foku, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya kubana: inakumbatia bomba la foku, unaweza kuipandisha au kuishusha, lakini ukipiga dafrao na mti inaweza kugeuka. Ya pili ni ya boliti nne: inafungwa moja kwa moja juu ya foku, haitikisiki, haigeuki. Mabingwa wengi kwenye video wanatumia boliti nne. Wengine wanaitetea ya kubana. Wanatukanana kwa ustaarabu mkubwa.

Nimemaliza mapumziko matatu ya chai kwenye video hizo. Msimamizi aliniuliza kama nasomea udaktari. Nilimjibu kwamba bado nakusanya takwimu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazo! Limenijia nikiwa juu ya foklifti, nikaipita rafu nilipotakiwa kusimama.

Mtanzania akialikwa kwenye kamati, hasahau. Ukimweka kwenye kamati ya harusi, atakusalimu kwa cheo chako mpaka kaburini. Kwa hiyo nitaunda Kamati ya Kuchagua Stemu. Mwenyekiti, mimi. Katibu, Masumbuko, Mkongo mwenye mwandiko mzuri na kura moja. Wajumbe, klabu nzima. Watakula pilau ya Rhoda, watajadili, watapiga kura, na kura ya stemu itawazoesha mikono kuniinulia mimi. Penye wengi hapaharibiki neno.

Gratien nimemweka kwenye soda. Mtu anayeshughulika na soda hana muda wa kutoa hoja.

Nilimweleza mke wangu. Rhoda aliuliza kama ni kweli anapika kilo tano za mchele kwa ajili ya kipande cha chuma kinachoingia kwenye mfuko wa shati. Nikasema kwamba akiliangalia hivyo, hata pete ya ndoa ni kipande cha chuma. Aliitazama pete yake. Nadhani alikuwa anaafiki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikao kimefana!

Tulianza kwa sala. Masumbuko aliomba kwa ajili ya klabu, foku zote za dunia, na mama yake aliyeko Uvira. Kisha agenda: kufungua, stemu, mengineyo, kufunga. Nilitoa mada kwa dakika arobaini, na picha ukutani. Owuor alisinzia lakini aliamka kwenye picha za ajali. Alisema boliti nne ni moto, buda, hiyo ndiyo ya watu serious. Mzee mmoja wa Kigoma alitaka kujua stemu ipi inafaa kubebea mtungi wa gesi. Tukalipeleka swali lake kwenye kamati ndogo, ambayo ni yeye mwenyewe.

Kura: nane boliti nne, moja ya kubana, moja haikupatikana kwa sababu Gratien alikuwa jikoni akitafuta barafu.

Tulipofika mengineyo, Gratien alitoka jikoni, akainua mkono, akaomba radhi kwanza kama kawaida yake. Akasema labda, Président, tungeitazama na baiskeli yenyewe. Baiskeli yangu iko kibarazani, nimeifunika kwa khanga ya Rhoda kwa sababu kasuku weupe wa hapa wanatafuna kiti. Hatua sita tu kutoka sebuleni.

Nikamshtukia palepale. Ujanja! Anataka awatoe watu nje, aonekane fundi! Nikasema kwa upole kwamba kuitazama baiskeli hakumo kwenye agenda. Masumbuko akathibitisha kutoka kwenye daftari kwamba kweli hakumo. Wakati huo pilau ilikuwa imeshawekwa mezani, na hakuna mengineyo yaliyowahi kuishinda pilau. Kikao kikafungwa.

Watu wameondoka wameshiba, wananiita Mwenyekiti. Nimelala kitandani nikitabasamu peke yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Baada ya zamu nilipanda treni hadi Parramatta, duka la baiskeli. Stemu nzuri ajabu. Nyeusi, inang'aa, inatosha kiganjani kama kipande cha sabuni. Kijana wa dukani aliniuliza nina foku gani. Nikamwambia, ya mteremko. Akauliza kama nina picha yake. Nikamweleza kwamba kamati imeshapitisha. Akanitilia stemu kwenye boksi.

Kwenye treni niliitoa kwenye boksi mara tatu. Mama mmoja alihama kiti.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ole wangu.

Jioni hii, jua bado lipo, nimefunua khanga nikafungua stemu ya zamani. Nikaiweka mpya mahali pake. Haikukaa. Nikaigeuza. Haikukaa. Nikatafuta matundu manne ya boliti nne. Hayapo! Nikachukua simu nikalinganisha na picha zangu, zile nilizowaonyesha wajumbe kwa dakika arobaini.

Foku za mteremko wa kweli zina mabega mawili, moja chini ya shingo ya fremu na moja juu. Stemu ya boliti nne inafungwa kwenye bega la juu. Foku yangu ina bega moja. La chini. Mzee aliyeniuzia baiskeli hii aliniapia kwamba ni ya mteremko, na kweli inateremka, hata toroli linateremka.

Watu kumi wamekula pilau, wamepiga kura, wameandika kumbukumbu za kikao, na hakuna hata mmoja aliyetembea hatua sita. Ni mmoja tu aliyependekeza. Sitaki kumfikiria.

Nikawa narudisha stemu ya zamani, ya kubana, mara kengele ikalia. Gratien! Amepitia akitoka kazini, ana spana zake kwenye soksi, anauliza kama ningependa msaada wa kukaza. Nikasimama mlangoni nimejitanua. Nikamwambia maandalizi ni siri ya kambi. Akanitakia jioni njema na kunipa salamu za wazee wake.

Nimekaza mwenyewe. Ile boliti ya juu nimeikaza mpaka mkono ukaniuma. Rhoda alipita akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia huu ni mlima, hauna sakafu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko kwenye barafu. Lakini nina furaha, na nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi, kilele cha mlima nyuma ya Penrith, anga safi. Rhoda na Koku walisubiri chini na wasio na baiskeli, Koku ameshika simu tayari kupiga video. Nilimwambia atanijua, nitakuwa wa kwanza. Alijibu kwa Kiingereza kwamba sawa, mradi nisife.

Owuor akatuachia njia, akapiga filimbi. Nikachomoka! Mita mia ya kwanza nilikuwa mbele ya klabu nzima, naapa. Kisha kona ya kwanza, ya kushoto. Nikageuza usukani kushoto. Usukani ukaenda kushoto. Gurudumu likaendelea mbele. Kumbe boliti ya juu haibani kitu, kazi ya kubana ni ya zile mbili za ubavuni, na zile sikuzigusa kabisa!

Nikaingia kwenye kichaka cha maua ya njano. Kichaka kilinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Wenzangu wakasimama juu ya kona wakidhani nimekufa. Gratien akashuka mpaka kwangu kwa baiskeli yake ya kizamani, soli inanuka moshi. Hakucheka. Aliuliza ninapoumia, akaninyoosha mkono, akatoa spana kwenye soksi, akanyoosha usukani na kukaza boliti mbili za ubavuni. Sekunde thelathini. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu, kwenye mengineyo. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalielewa hadi sasa. Akawapungia wote wasubiri, akaniambia tangulia, binti yako anatazama. Nami nikatangulia. Taratibu, majani kichwani, breki zinalia, na klabu nzima nyuma yangu, Gratien akiwazuia wenye haraka kwa mwili wake. Nikatokea chini wa kwanza! Koku akapiga kelele mpaka watu wasiotujua wakapiga makofi. Nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Uchaguzi ulikuwa wa kuinua mikono. Owuor akauliza nani anamtaka Gratien. Mikono tisa, Rhoda akiwa wa kwanza kuinua. Gratien mwenyewe hakuinua, alikuwa anatazama viatu vyake. Wa tisa ulikuwa wangu, ule mzima. Ni mkakati tu. Kiongozi lazima aonekane mnyenyekevu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimelala kwenye kochi baada ya ibada. Mkono umepungua uvimbe. Rhoda ameniletea uji bila kusema methali yoyote. Koku amenitumia video. Nimeitazama mara kumi na moja. Mbele kabisa, baba yake! Nimemwomba akate sekunde za nyuma ambapo Gratien anaonekana akiwazuia wenzake. Amekataa, anasema hicho ndicho kipande anachokipenda. Watoto wa siku hizi hawajui kutengeneza kumbukumbu.

Kapteni Gratien amenipigia simu kunijulia hali na kuniomba niwe makamu wake. Nimekubali. Kipindi cha kapteni ni mwaka mmoja, na mwaka si mrefu.

Nimetafakari kosa langu kwa kina na nimelipata. Stemu ilikuwa sahihi. Kamati ilikuwa sahihi. Iliyokosea ni foku! Nimemwandikia yule kijana wa Parramatta kuhusu foku ya mabega mawili. Amejibu kwamba ile haifai kwenye fremu yangu, itapasua shingo, na magurudumu yangu pia hayataingia. Basi. Nimefurahi sana kupata jibu la wazi namna hii. Maana yake kazi ngumu nimeshaimaliza, ile iliyowashinda hata mabingwa kukubaliana.

Stemu ninayo. Imebaki baiskeli tu.