Mlinzi wa Mlango wa Udugu wa Bikari

Siku zile za ruksa, serikali ilipofungulia watu wote biashara, kila mtu Tukuyu alikuwa mfanyabiashara, hata wale wasiokuwa na biashara. Jotham Mwaisaka alikuwa katika kundi hili la pili. Shirika la umma lililomlisha lilikuwa limekata roho na kumwachia suti moja na Kiingereza kingi, basi akawa anazunguka sokoni akingoja Mungu amtupie mjinga.

Mungu alimtupia aproni. Ilidondoka kwenye belo la mitumba alilokuwa akilifungua Saad, muuza nguo wa pale sokoni: kijiaproni cheupe cha ngozi laini, kimedariziwa bikari, jicho na jua.

"Hiki cha mpishi mfupi," alisema Saad. "Chukua, hakiuziki."

Jotham alikikunja taratibu kama anayekunja bendera. Akiwa Dar aliwahi kusikia watu wakinong'ona kuhusu vyama vya siri: matajiri wanaopeana mikono kwa namna yao, wanaokula viapo, na ambao utajiri wao hauna maelezo. Na Tukuyu nzima ilikuwa ikiutamani utajiri usio na maelezo.

Alianza na Lazaro, mwenye nyumba ya wageni. Alimpa mkono, akambonyeza kifundo cha kidole kwa gumba, kisha akamtazama kwa masikitiko.

"Samahani, nkamu, ndugu yangu. Nilidhani wewe ni mmoja wetu."

Hakuna maneno yanayomchoma mwenye pesa kama hayo. Kesho yake Lazaro alimfuata mwenyewe.

"Mmoja wenu akina nani?"

"Nimeshasema zaidi ya ninavyoruhusiwa," alijibu Jotham, akakubali chai.

Haukupita muda, Udugu wa Bikari ulikuwa na ndugu watatu: Lazaro na pikapu yake, Ambilikile, mzee wa kanisa na mchuuzi wa viazi kutoka Isongole, na Saad, aliyekitambua kile kijiaproni pale pale Jotham alipokivaa. Mfanyabiashara hafungui mdomo kabla hajajua faida iko wapi.

Walikutana Jumapili baada ya ibada, chumba cha nyuma kwa Lazaro, mapazia yameshushwa. Jotham alikaa upande wa mashariki, kwenye kiti pekee chenye mikono, akiitwa Bwana Mkuu. Ndugu waliingizwa wamefungwa macho, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, wakitetemeka. Baridi ya Tukuyu ilisaidia sana utakatifu wa shughuli ile. Kisha wakaapa: ndugu hamnyimi ndugu.

Kifungu hicho Jotham alikitunga kwa ajili ya tumbo lake. Aliweka kiganja kifuani, ishara ya mwenye shida, akalala bure kwa Lazaro, akala viazi vya Ambilikile, akavaa makoti ya Saad.

Asubuhi moja Ambilikile alimjia, kiganja kifuani.

"Bwana Mkuu, manyunyu yamenikuta njiani. Naomba hilo koti."

Jotham alicheka kidogo. Mzee hakucheka. Koti likaenda. Lazaro naye akaja, ikaenda redio ambayo Jotham aliipata kwa ishara ile ile. Saad alikuwa na harusi ya mpwa wake, ikaenda suti. Hakuna kilichorudi, kwa kuwa mtunzi wa kiapo hakuona haja ya kutaja kurudisha.

Jumapili iliyofuata Jotham alisimama akatangaza kwamba makao makuu yameagiza hekalu la Udugu lifungwe.

"Haiwezekani," alisema Lazaro. "Pikapu yangu inapeleka Mbeya viazi vya Ambilikile na kurudi na mabelo ya Saad. Ndugu hamnyimi ndugu. Hatujawahi kupata kama sasa."

Udugu ulikuwa unafanya kazi kweli. Jotham alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Bwana Mkuu amechoka," alisema Saad kwa upole. "Tumwachie mwingine kiti. Yeye tumpe Ulinzi wa Mlango. Si yeye aliyetufundisha kwamba mlinzi husimama nje na upanga, wala haruhusiwi kusikia yasemwayo ndani?"

"Cheo kikubwa hicho," alisema Ambilikile. "Ndaga fijo, mwanangu, kwa kukipokea."

Jotham alitaka kukataa. Lakini kitanda alicholalia kilikuwa cha Lazaro, na suruali aliyovaa ilikuwa ya Saad.

Ndiyo maana Nsajigwa, mkulima wa chai kutoka Nkunga, alipofika Jumapili moja na viatu vyake vya kanisani, alimkuta mtu amesimama barazani, panga mkononi, mabega yamelowa.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo hapa wanapotajirika?"

"Marahaba. Ndiyo hapa."

"Huko ndani kuna nini hasa?"

Jotham alikuwa na jibu tamu la swali hilo, alilolinoa tangu siku ya kwanza. Lakini ndani walicheka wote kwa pamoja, harufu ya nyama choma ikapenya chini ya mlango, na jibu likamtoka kichwani.

"Siri," alisema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa amemdanganya mteja.

Akabisha. Mlango ulipofunguliwa upenyo wa kumpitisha mgeni, Jotham naye akanyoosha shingo, achungulie. Ukafungwa.