Wanja wa Ng'ombe wa Mkwe

Jumamosi, 14 Juni

Uroa. Mimi, Suhaib, mtoto wa mjini, wa Malindi ya Unguja, niliyezaliwa uchochoroni ambako mnyama mkubwa ni paka, nachunga ng'ombe! Mama mkwe, Bi Kazija, yuko Makka kuhiji. Kaniachia ng'ombe wake Hidaya, mwenye mimba, na ahadi: akirudi akamkuta mzima, ndama ni wangu. Nikizembea, ndama ni wa Haitham, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mimi kuzembea! Ndama nimeshamchagulia jina.

Kaniachia pia dawa ya kupe, nimwogeshe Hidaya kila wiki. Nimemwogesha mara moja. Iliyobaki nimeinyunyiza kitandani kwa ajili ya kunguni. Kunguni wamekufa. Mke wangu Rukaiya kahamia kulala barazani, kanuna. Shukrani ya punda.

Jumapili, 15 Juni

Kaja Haitham. Anatembeza wageni msituni Jozani, basi na mimi ananiona mgeni. Kalipindua sikio la Hidaya. Kupe wamejaa kama kunde! Akaanza darsa, nami sikuliomba. Kupe huleta ndigana, homa inayoua ng'ombe. Nikiona mitoki, yaani tezi, imevimba chini ya sikio, macho yanatoa machozi, ufizi umepauka, na ng'ombe kasusa majani, nisingoje kesho, nimwite bwana mifugo. Nikamjibu naam, nimeelewa. Najua anachokitaka. Anamtaka ndama wangu.

Jumanne, 17 Juni

Hidaya hali majani. Chini ya sikio pana uvimbe kama ndimu. Machozi yanamtiririka. Ufizi mweupe kama tui. Dalili zote nimezitambua mwenyewe, bila msaada. Mwanafunzi bora!

Rukaiya kaniambia nimwite Borafya, bwana mifugo. Nimekataa. Borafya anacheza bao na Haitham kila jioni. Nikimwita alasiri, kabla ya magharibi Haitham keshajua, na Bi Kazija akirudi ataambiwa kabla hajavua viatu. Anarudi Ijumaa. Nimefikiri sana. Dalili isiyoonekana si dalili.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kazi. Machoni nimempaka wanja, michirizi ya machozi isionekane. Kanipiga teke la goti. Shingoni nimemfunga kanga ya kisutu, fundo juu ya uvimbe. Ufizi ukanishinda, mpaka nikamwona jirani yetu, Bi Mwatum, anatafuna tambuu, mdomo mwekundu kama kikongwe wa harusini. Tambuu! Nimemwomba popoo na katu, nimetwanga, nimempaka Hidaya ufizi mzima. Mwekundu unang'aa.

Bi Mwatum kauliza kulikoni. Nikamwambia nampamba ng'ombe kwa heshima ya Hajjati. Karibu alie kwa furaha. Kaenda kuleta kikuba cha asumini, tukakifunga kwenye pembe.

Rukaiya katoka, kamtazama Hidaya, kanitazama mimi.

“Suhaib, ng'ombe huyo anaumwa, haolewi!”

Mwanamke hana jicho la sanaa.

Alhamisi, 19 Juni

Hidaya kalala, anahema kwa shida. Naona haya kuandika haya, lakini nimemwonea huruma. Nimekaa naye mchana kutwa nikimpepea kwa kawa la wali. Aliponilazia kichwa mapajani nikashika simu nimpigie Borafya. Kisha nikamwona Haitham, moyoni mwangu, anamvuta ndama wangu kwa kamba huku anapiga mluzi. Nikairudisha simu mfukoni. Nikamwongezea wanja.

Ijumaa, 20 Juni

Hajjati kafika baada ya sala. Nyumba imejaa watu, biriani, tende. Nikamsimamisha Hidaya uani, kwa kumsukuma, ufizi nimeupaka tambuu upya. Hajjati alipomwona na kisutu chake na asumini zake, vigelegele! Kasema mbele ya watu wote kwamba hakuna mkwe kama Suhaib. Nikamgeukia Haitham. Uso umemsawijika. Dakika tamu kuliko zote maishani mwangu.

Hazikufika mbili. Hajjati akamimina maji ya zamzam kiganjani, ampe Hidaya baraka. Hidaya akafungua mdomo. Udenda mwekundu ukamwagika juu ya baibui jeupe la Hajjati. Wanawake wakapiga ukelele kwamba ng'ombe anatema damu!

Borafya alikuwemo, anakula. Kaweka sahani chini. Kapitisha kidole kwenye udenda, kanusa.

“Nani katafuna tambuu hapa, ng'ombe au mkwe?”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hajjati hakucheka. Borafya akafungua kisutu, mitoki hiyo. Akafuta wanja, machozi hayo. Akasugua ufizi, mweupe. Kila nilichokificha alikitaja kwa sauti. Kisha akasema ng'ombe alikuwa anaomba msaada kwa njia zote alizonazo, nami nimeziziba. Kamchoma sindano papo hapo. Hakuahidi kitu, si mama wala ndama.

Hajjati kanigeuzia mgongo, kaenda kumshika Hidaya kichwa. Bora angenitukana.

Jumatatu, 23 Juni

Hidaya kasimama! Kala majani. Borafya kasema mimba ipo. Nimelia, nimesingizia vumbi. Ndama ni wa Haitham, na keshampa jina. Baya.

Jumamosi, 28 Juni

Hajjati ana moyo mkubwa. Kanipa mbuzi mdogo, nijifunzie kwake kwanza. Haitham katoa dawa mpya ya kupe, kasema atakuja kesho asubuhi kukagua. Mimi kukaguliwa!

Dawa bado sijaifungua, nimewawekea kunguni, maana wamerudi. Jioni hii nimempapasa mbuzi masikio. Kupe, huku na huku. Nikashtuka. Lakini mtu hujifunza kwa makosa. Tambuu haifai tena, wala wanja. Vimeshajulikana.

Nimempima kichwa. Kofia yangu ya Idi inamtosha, na masikio yote mawili yanaingia ndani.