Nilisema Nataka Kisiwa Kimya

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu dereva wa lori amekuja na picha. Amesema mwaka umepita tangu baba yake atutoke, mama zake wawili wamekonda, waende ziwani wakapumzike. Huko kuna visiwa viwili. Kimoja cha utulivu: miti, ndege, kitanda, basi. Kingine kina soko na muziki, na watu wanacheza hadi kandambili zinakatika. Tuchague kimoja, twende pamoja.

Pamoja! Mimi na Bi Mdogo, mke mwenzangu! Huyu nilimzaa mwenyewe, lakini akili sijui kaziokota wapi.

Mimi nataka cha muziki. Utulivu ninao hapa, umejaa mpaka darini. Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa chumba cha Bi Mdogo. Mzee alipokuwa zamu ya kule nilimsikia akikohoa, namlaani, nalala. Sasa hakohoi mtu. Silali.

Lakini nitasemaje? Mke mkubwa, mjane, meno yenyewe ya kubembeleza, niseme nataka muziki? Bi Mdogo atanicheka mpaka nazikwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata njia! Tangu aolewe, Bi Mdogo hajawahi kutaka ninachokitaka. Nikipika kwa kuni, yeye mkaa. Nikipaka mlango wangu kijani, wake bluu siku hiyohiyo. Basi kesho nitasema nataka kisiwa kimya. Atapinga. Atang'ang'ania cha muziki. Mimi nitaguna, nitakubali shingo upande, na nitapelekwa kwenye ngoma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Akili hizi sikuzipata darasani. Darasani niliishia la pili.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi, mbele ya wote, nimetangaza kwamba umri wangu unataka kimya. Nimeitoa sauti ya unyonge, nzuri, hata mke wa mwanangu akapangusa macho. Bi Mdogo akatazama kikombe chake. Nikasubiri matusi.

Akasema sawa dada, twende huko unakotaka.

Sawa! Maisha yote kaibana hiyo sawa, aje aitoe leo! Chai ikanipalia. Mkwe akanipiga mgongoni, na nadhani alikuwa na yake moyoni, maana alipiga hadi kikohozi kilipokwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu kuokoa mambo. Nimesema kisiwa kimya kina nyoka, mimi siogopi ila namhurumia Bi Mdogo. Bi Mdogo akajibu kwamba nyoka wenyewe watakimbia wakisikia nani anashuka botini. Wakacheka, mwanangu naye! Nimemkumbusha nani alimnyonyesha.

Baadaye mkwe kanifuata jikoni, kaniuliza taratibu kama labda roho yangu iko kule kwenye muziki. Nimemfokea. Nimemwambia mimi si msichana wa kukatika viuno. Akaenda zake.

Mdomo huu! Mtu ananifungulia mlango, mimi natafuta kufuli.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika. Kimya kama ndani ya mtungi. Chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha linatazama maji. Mwangalizi wa nyumba anatembea peku asitusumbue. Nimemwambia avae viatu, tena vizito.

Jioni upepo umegeuka, muziki wa kisiwa cha pili ukavuka ziwa mpaka kitandani. Nimeuona mguu wa Bi Mdogo unagonga sakafu. Wangu pia, ila wangu ulikuwa chini ya blanketi.

Nimemuuliza kwa ukali anagongagonga nini. Akasema yeye alitaka kule. Tangu mzee aondoke, chumba chake kinamtisha. Lakini ameniachia mimi nichague, kwa sababu amechoka kushindana, na tuliyekuwa tukimshindania yuko udongoni.

Nimemwambia azime taa.

Jumapili, 10 Agosti

Mwenye boti amekuja kutangaza kwamba anayetaka kuhamia kisiwa cha pili apande, vyumba viko. Bi Mdogo kaanza kufungasha, kisha kaacha. Kaniuliza kama kweli nataka kubaki. Kasema twende wote, dada.

Neno moja tu la kuitikia! Lakini mtu mzima haitiki mara ya kwanza kama mbuzi aliyeonyeshwa majani. Nilitaka anibembeleze, anivute mkono, abebe na begi langu. Nikasema nenda, kimya chanitosha. Akauliza tena. Sauti ilikuwa laini, nikaona anaelekea kuvuta mkono, nikanuna vizuri zaidi ili avute kwa nguvu.

Akasema amenielewa, hatanisumbua tena. Kanifunika miguu kwa kanga yake, kaondoka.

Kaondoka! Nimekimbia hadi gatini kwa magoti haya. Boti ilikuwa imeshatoka. Nikainua mikono yote miwili, nikapunga arudi. Akadhani namuaga. Akapunga na yeye, anacheka, mpaka nikawa sioni tena kitambaa chake.

Jumatatu, 11 Agosti

Ndege. Maji. Ndege.

Nimemwomba mwangalizi akae nje ya dirisha akohoe kidogo. Kanitazama kama nimerukwa na akili, lakini kakohoa. Nikamwambia azidishe, kitoke kifuani. Kazidisha.

Si kile.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumbani. Bi Mdogo karudi miguu imevimba, sauti imekauka kwa kuimba na watu asiowajua. Ananihadithia mambo ya kule, mimi najitia sisikii. Lile la yule muuza samaki aliyecheza hadi akatumbukia ziwani limenipita kidogo, na siwezi kumwomba arudie.

Mwanangu kauliza mwakani tupelekwe wapi, kwenye kimya au kwenye muziki. Bi Mdogo kanigeukia mimi, kaniangalia usoni, akasubiri.

Nikasema kimya. Ngoma ameshaionja, safari hii hawezi kukubali. Lazima apinge!

Akasema sawa dada.

Sasa niko chumbani. Bi Mdogo kagonga ukuta, anauliza kama niko macho, ana chai ya moto, nije.

Nimenyamaza kimya. Akigonga tena, nitaitika.