Jiwe Nililolipangusa Mbele ya Koko

Leo nimejiaibisha, tena nikiwa na kitambaa safi mkononi.

Nianzie asubuhi. Hapa nyumbani Kitengela niko na mashine ya kung'arisha mawe. Nimeiunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa na pipa dogo la mpira, nikifuata video (na kulia kidogo). Unatia mawe, maji na unga unaokwaruza kama msasa, kisha pipa linazunguka mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Mawe yangu ni yale meusi ya volkano ambayo mjomba huyafukua kwa jembe shambani kwake Naivasha. Ni kioo kabisa. Yakigongana yanameguka. Kundi la kwanza lilitoka limejaa makovu, na mimi nikakosa hamu ya kula. La pili nikakatakata slipa kuukuu, nikachanganya vipande vyake na mawe ili yasiumizane, nikajikataza kufungua pipa kila nikipita.

Leo nimelifungua. Nikasuuza jiwe la kwanza kwenye karai, nikaketi chini. Lilikuwa jeusi hadi ndani. Nililiinua nikaona dirisha, pazia, na kope zangu moja moja. Mimi hukosoa kila ninachotengeneza, hata uji. Hili sikuona la kukosoa.

Ila alama ya kidole changu. Nikaipangusa. Nilipolishika tena nikaacha nyingine. Nikapangusa. (Hapo ndipo mkono ulipojifunza ujinga wake.)

Sasa, adhuhuri nilikuwa na mgeni. Koko ni nyanya yake Parsaloi, na Parsaloi ndiye ninayetaka anioe. Kwao Kajiado posa haisogei kabla Koko hajamwona msichana. Binamu yake aliwahi kupeleka mmoja. Koko alikunywa chai, akasema asante kwa chai, na mambo yakaishia hapo. Parsaloi alinisimulia hayo jana usiku, eti nitulie.

Nilikuwa nimejipanga. Ningemwinamishia kichwa akiguse, kama vijana wa kwao wanavyowaamkua wazee. Ningeitikia "iko" akinisalimu "takwenya". Halafu ningempa jiwe.

Koko alifika akiongozwa na Parsaloi: shuka nyekundu, hereni za shanga zikigusa mabega, mgongo umenyooka kuliko wangu. Akasimama mlangoni, akatega sikio, akatazama juu. Anga ya Kitengela haikuwa na hata wingu.

"Kwenu kunanyesha?" akauliza.

Ilikuwa mashine. Nilikuwa nimeshatia kundi la tatu, na mawe yale yakizunguka hulia kama mvua juu ya mabati. Nikaona aibu, nikakimbilia swichi.

"Wacha," akasema. "Nani anazima mvua na ng'ombe wamekonda?"

Akavuta kiti, akakaa kando ya pipa kama mtu aliyefika kanisani mapema. Nikainamisha kichwa, akakigusa. "Takwenya." "Iko." Sikukosea. Parsaloi alinikonyeza. Nikaanza kuamini kwamba leo ni siku yangu.

Nikampa jiwe kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akajiona ndani yake, akarekebisha hereni.

"Hii ni ile jiwe inakata mbuzi miguu?"

"Ndiyo, Koko."

"Imekaa kwa hiyo ngoma siku ngapi?"

"Zaidi ya mwezi, Koko."

"Na wewe ulikuwa unangoja tu?"

"Nilikuwa nangoja."

Akamgeukia Parsaloi. "Wewe kungoja chai iive unashindwa." Parsaloi akatazama viatu vyake.

Koko akaliweka jiwe kwenye kiganja changu, akaushika mkono wangu kwa mkono wake. Akasema maneno ya Kimaasai polepole, Enkai, Mungu wao, akiwemo. Kisha akalitemea mate.

Kidogo tu, manyunyu. Hiyo ni baraka. Kwao mzee hutemea mtoto mchanga, hutemea bibi arusi, hutemea kitu anachokitakia mema. Najua. Nilishaambiwa, nikaelewa, nikafurahi. Mkono wangu ndio haukuambiwa.

Mkono uliona doa. Ukaingia mfukoni, ukatoa kitambaa, ukapangusa. Kisha mdomo ukausaidia: nikalipulizia jiwe pumzi ya moto, hahh, nikapangusa tena, mara hii kwa mviringo. Nikaliinua kwenye mwanga kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Hakikubaki kitu. (Kazi nzuri sana.)

Mvua ya pipa ikaendelea peke yake. Parsaloi alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nikaelewa nilichofanya kuanzia miguuni kwenda juu.

"Koko," nikasema, "samahani. Ni mazoea. Tafadhali uteme tena."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilimwagiza nyanya wa watu mate, kama anayeomba kuongezwa supu.

Koko alikitazama kitambaa. Akamwambia Parsaloi jambo kwa Kimaasai, na nikaona mabega ya Koko yakianza kutikisika.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema wewe ni msafi kumshinda Mungu."

Kumbe mabega yalikuwa yanacheka. Mama yule alicheka hadi shanga zikalia, akajipangusa machozi kwa shuka. Kisha akakunja kidole.

"Lete kichwa."

Nikainama. Akanitemea katikati ya paji la uso, na safari hii hayakuwa manyunyu.

"Haya. Pangusa hiyo."

"Siwezi, Koko."

"Nitaangalia."

Akaangalia kweli. Tulikula pilau nzima akiwa na jicho moja kwenye sahani na lingine kwenye mikono yangu. Paji likakauka, likavuta, likawasha. Nilikalia mkono mmoja, nikala kwa mwingine. Sijawahi kumstahi mtu hivi huku nikiteseka hivi.

Alipoondoka alichukua jiwe. Akarudi hatua mbili, akachukua na kitambaa. "Hii nitakupa siku ya arusi," akasema, "ukishabarikiwa na watu wote."

Nimeuliza. Wazee wa kwao ni wengi.

Tafadhali msicheke. Na mkija kunibariki, mmoja wenu anishike mikono kwanza.