Malalamiko Juu ya Maneno Yangu Yanayopozwa Njiani Kwenda Koboko

Awindiri, Arua
Septemba 1976

Kwa Bwana Hedimasta,

Salamu nyingi kwako na kwa walimu wako. Mimi ni Sulaiti, fundi cherehani wa Awindiri, ndiye niliyeshona kaptura za kwaya yako, zile zilizobana kidogo. Ni baba wa Sadiya wa darasa la sita. Nakuandikia kwa heshima yote, tena nikiwa nimefunga, kwa hiyo hasira utakayoikuta humu ni ile iliyobaki baada ya kuipunguza.

Mwalimu wenu wa Kiingereza, Bwana Romano, amewafundisha watoto kuchukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa taarifa. Mtu akisema "Nina homa," mtoto anaandika kwamba mtu huyo alisema alikuwa na homa. Bwana Hedimasta, mgonjwa bado anatetemeka, na mtoto ameshampeleka jana! Kwa Waingereza huenda hiyo ni adabu. Lakini Sadiya amelitoa somo hilo kwenye Kiingereza akalileta nyumbani kwangu, na sasa nyumba inakaribia kuvunjika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Somo hili linavunja desturi ya ukoo wetu. Babu yangu alikuwa tarishi katika jeshi la zamani, miongoni mwa wale waliotoka Sudani. Tarishi wa siku hizo hakusema "kamanda amesema." Alisimama wima akawa kamanda mwenyewe: alikohoa kikohozi chake, akakunja uso wake, akasema "mimi." Siku moja alifikisha matusi ya meja kwa kapteni, na kapteni akampigia saluti yeye, mtu asiye na hata viatu. Tangu hapo kwetu ujumbe hubebwa hivyo. Mtoto anayetumwa hubeba sauti pamoja na maneno, na hakuna anayemkasirikia, maana si yeye anayesema. Sadiya alikuwa bingwa wa kazi hii. Nilipomtuma kwa muuza nyama, muuza nyama alikuwa akivua kofia.

2. Mke wangu Medina amekwenda kwa kaka yake Nasuru, Koboko. Sababu yenyewe ni ndogo. Mbele ya wageni nilisema kwamba gurusa zake, ile mikate yetu myembamba ya kikaangoni, zinafaa kuwambia ngoma. Wageni walicheka, yeye hakucheka. Kwa desturi yetu mume hamfuati mke bila kutanguliza ujumbe, basi likizo hii nikampandisha Sadiya lori na maneno haya, ambayo tuliyafanyia mazoezi mpaka mishipa ya shingo ikanitoka: "Medina! Rudi leo, hapana kesho! Mimi iko nafuturu na muhogo ya baridi, na mbuzi nalala kwa kitanda!" Ni maneno makali, nakubali, lakini kwa sauti yangu mwenye masikio angesikia na mengine ndani yake. Sadiya alipofika akakunja mikono nyuma, akasimama kama yuko mbele ya ubao, akaeleza kwamba baba alimwagiza mama arudi siku ile na si siku iliyofuata, na kwamba alikuwa akifuturu mihogo. Jibu la Medina nalo aliniletea likiwa limepoa vilevile: kwamba mama alifurahi kusikia shida hizo zilikuwa zimekwisha.

3. Nikamtuma tena, safari hii kwa Nasuru mwenyewe, ambaye naamini ndiye anayemtia mke wangu kiburi. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika mchana wa Ramadhani. Sadiya akamweleza mjomba wake kwamba baba alikuwa amemkumbuka kwa majina mengi. Nasuru akaguswa moyo, akanitumia kuku. Bwana Hedimasta, nimemtukana mtu kwa moyo wangu wote, nikaletewa kuku! Nilimla wakati wa futari kwa hasira, na alikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

4. Ugonjwa umeenea mtaani. Hajara na Kiden, jirani zangu, walikuwa wakigombana kila asubuhi, kila mmoja upande wake wa ua, na sisi mafundi tulishona vizuri sana tukiwasikiliza. Sasa kila mmoja anamtuma Sadiya kwa mwenzake, na wamepatana kiasi cha kuazimana masufuria. Hata mpira umeharibika. Nilimwuliza Sadiya habari za mechi iliyochezwa kule Onduparaka, akanijibu kwamba watazamaji walikuwa wameonyesha furaha yao. Watazamaji wa upande gani? Nani alifunga? Mpaka leo sijui, na naona haya kuuliza watu.

5. Na nchi nzima, je? Sukari tunayo Arua, lakini ni ya taarifa. Kila mtu amesikia kwamba fulani alisema kwamba lori lilikuwa limefika. Tunapanga mstari kwa taarifa, tunarudi nyumbani na taarifa, na chai inabaki chungu. Redio nayo inatangaza kwamba ilitangazwa. Nchi ina taarifa za kutosha bila watoto kufundishwa kuzalisha nyingine. Tena siku hizi mtu akikuuliza "Nani alisema?" hakuulizi ili akupe maksi. Wewe ni mtu mzima, unanielewa, na kama kuna atakayeuliza, hapa sijasema kitu.

6. Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Medina ameniletea neno kwamba Idi ikipita kabla hajasikia kitu cha maana kutoka kwangu, Nasuru atakuja kuchukua sanduku lake la nguo. Sanduku likitoka chini ya kitanda, ndoa imetoka. Naogopa, Bwana Hedimasta. Naliona sanduku lile kila nikiinama kuvua viatu. Maneno ninayo, lakini niyapitishe wapi? Mdomo pekee nilionao wa kunifikishia uko darasa la sita, kwa Bwana Romano.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba somo hilo lifutwe, na watoto waliokwisha kulijua waamriwe kulisahau kabla ya Idi. Hilo likishindikana, basi Bwana Romano mwenyewe apande lori aende Koboko, asimame mbele ya Medina, na aseme "mimi" kwa sauti yangu. Kikohozi nitamfundisha bure. Kuna mahali mwishoni sauti inakatika kidogo. Hapo asione haya, aiache ikatike.

Nisalimie mama watoto, walimu wote, mpishi wa uji na yule anayepiga kengele. Wasalimie na watoto wa kwaya, uwaambie wasiiname ghafla.

Mimi wako mwenye saumu na wasiwasi,
Sulaiti, fundi cherehani

Tanbihi: Barua hii ilibaki mfukoni kwa sababu stempu hazikupatikana, ila ilisemekana zilikuwa njiani. Idi ikakaribia. Mwishowe desturi nikaiweka kando, nikapanda lori kwenda Koboko mimi mwenyewe, Sadiya ubavuni. Uani kwa Nasuru, Medina akatoka mikono ikiwa na unga, akasimama kunitazama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Kilichotoka ni kikohozi cha babu peke yake.

Ndipo Sadiya, bila kutumwa na mtu, akakunja mikono nyuma. Akasema kwamba baba alisema nyumba ilikuwa imekuwa kubwa mno tangu mama aondoke, na kwamba Arua nzima hakuwa amekula gurusa zilizofanana na zake.

Bwana Hedimasta, sikusema hayo. Sijawahi kuyasema kwa mtu yeyote. Na kwa desturi yetu tarishi anayeongeza neno lake anachapwa viboko. Medina akanigeukia akaniuliza, "Sulaiti, ni wewe nasema hivi?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikajibu, "Mimi nasema."

Tumerudi kwa lori moja. Sanduku liko palepale chini ya kitanda, aliyehamishwa ni mbuzi. Kwa sababu hiyo nayaondoa malalamiko yangu yote, lile la kwanza mpaka la sita, na Bwana Romano asisumbuke na safari. Somo liendelee, na Sadiya asikose hata siku moja. Shule ikifunguliwa atamletea mwalimu gurusa za mama yake. Mwambie azile, ashukuru, na asitoe maoni juu yake kwa kauli ya aina yoyote.