Wafanyakazi wa Mama

Jumatatu, 6 Mei
Balaa! Mwalimu wa sayansi ametangaza kwamba Alhamisi darasa zima litatembelea kituo cha majitaka. Yaani kazini kwa mama. Redio (tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki) akanigeukia, akauliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara eti shoga, kwenu mnajipulizia marashi gani? Darasa likavunjika mbavu. Jibu kali lilinijia. Lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nimeapa: Alhamisi kituo kitanukia.

Jumanne, 7 Mei
Nimepeleleza. Nilimpelekea mama chakula, nikazubaazubaa makusudi. Uchafu wa mji mzima huingia birika kubwa la kahawia, linalotokota kwa hewa inayopulizwa toka chini. Halafu maji hutulia kwenye birika la pili. Mwisho kabisa, kabla hayajaingia baharini, mama huyatia unga wa klorini, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuzidisha chumvi. Na hayo ya mwisho hayanuki!

Akili ikawaka. Kama klorini inasafisha mwishoni, kwa nini isianze mwanzoni? Watu wazima wanapenda kujichosha. Mama alipokwenda kupokea simu, nikamwaga ndoo nzima kwenye birika la kahawia. Halafu nyingine, kwa uhakika.

Mkemia mzima, mimi.

Jumatano, 8 Mei
Uvundo! Umefika mpaka sokoni. Fundi wa pampu, Baba Spana, ameapa kwa wazazi wake wote wawili kwamba mashine zake ni nzima. Mama alikuwa anaitazama sweta yangu ya shule, yenye madoa meupe ya klorini kama manyoya ya kanga. Akasema taratibu, wewe mtoto, hebu njoo.

Heri angenichapa. Alinikalisha mbele ya hadubini, akaweka tone alilochota jana asubuhi.

Jamani! Vikengele vidogo juu ya mashina membamba, vinajikunja, vinajikunjua, vinapepesa vinywa. Darasani viumbe hawa tumewasoma kwa Kiingereza, majina nikayakariri yote, nikapata alama zote. Hakuna aliyenidokeza kwamba wanacheza. Mama akasema hawa ndio wanaokula uchafu, hawa ndio wafanyakazi wake. Kisha akaweka tone la leo. Kimya. Hakuna hata mmoja aliyetikisika. Nililia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Lango la baharini limefungwa, maji yanajaa bwawa la akiba. Bwawa likifurika kabla birika halijafufuka, uchafu utaishia ufukweni, wanakoogelea watoto wa mji mzima. Na lawama zote kwa mama. Ziara imeahirishwa. Hata sikufurahi.

Alhamisi, 9 Mei
Lori limetuletea tope la kituo cha mji wa jirani. Mama analiita mbegu, maana lina wafanyakazi hai wa kuanzia upya. Dereva akamtania, dada, wadudu wako umewafanya nini hata unaazima wa wenzio? Mama akamwambia apunguze maneno, avute bomba. Hakunitaja. Angenitaja ningezama humohumo birikani.

Tope likamiminwa. Bwawa la akiba limebakiza upana wa kiganja.

Jumapili, 12 Mei
Wamerudi! Tone zima limejaa vikengele. Nilisahau kupumua. Kila aliyenawa uso mjini, kila aliyeosha sufuria, kila aliyekwenda chooni akafunga mlango na kudhani siri yake imeishia humo, yote yamepita kwenye vinywa hivi visivyoonekana, navyo havijauliza ya nani. Birika la pili limetakata hata nikaona kucha za mama chini ya maji. Bwawa lilikuwa limefika ukingoni alipofungua lango. Maji yakaenda baharini yakiwa safi, bila kelele, kama hayakuwahi kukosea.

Nikasimama mdomo wazi. Mama akanishika bega. Akasema kazi yangu kwa hawa ni moja tu: nisiwaguse.

Jumatatu, 13 Mei
Ziara ni kesho. Redio kauliza tena habari za marashi, nikasahau hata kuona haya. Nilikuwa nawafikiria wao. Viumbe wema vile, maisha yao yote wanakula uchafu tu. Hata siku moja mtu asiwakumbuke kwa kitu kitamu?

Mfuko mkubwa wa sukari umo kwenye mkoba wangu. Sitawagusa ng'o, nimeahidi. Nitawamiminia tu.