Koti la Marehemu Eridadi

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu. Ting, ting, ting.

Majogoo wa Bwera walikuwa bado hawajawika. Bright alisimama katikati ya chumba cha uani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akazuia pumzi. Kwa wiki tatu alizopanga kwa Bi Feresita, sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu: bibi amekwisha kukoroga sukari. Siku ya kwanza mgeni alisema anapenda chai tamu, na tangu hapo bibi hakuwahi kusahau. Lakini kila siku kijiko kiligonga kumekucha. Leo kiligonga kukiwa bado giza, asubuhi ileile ambayo Bright alikuwa amepanga kutoroka.

Miguuni pake ulikuwapo mfuko mkubwa wa nailoni, na ndani yake vifurushi ishirini na viwili vya picha za zamani, na picha moja ya peke yake. Kila kifurushi kilikuwa cha mama mmoja wa Bwera. Fedha za akina mama hao hazikuwa mfukoni humo. Zilikuwa ndani ya soksi, na soksi ilikuwa ndani ya kile kiatu cha mkononi.

Bright alikuwa mtu wa Masaka, mwenye suti moja na ulimi ambao ungeweza kumuuzia padri Biblia yake mwenyewe. Alifika Bwera na mashine ya kuskani picha, akaomba dakika mbili baada ya misa, na katika dakika hizo mbili akawaonya akina mama juu ya mchwa, moshi wa jikoni na wajukuu wenye mikono ya mafuta. Kampuni yake, alisema, itaziingiza picha zao kwenye flashi, nazo hazitazeeka tena hadi mwisho wa dunia. Malipo ni nusu sasa, nusu kazi ikiisha.

Mashine yenyewe ilikuwa imekufa miaka miwili kabla. Bright aliitoa matumbo yote, akaweka tochi ndogo iliyofungwa karatasi ya kijani na kuivuta kwa uzi uliopita chini ya meza. Mama akileta picha, Bright anafunika, anabonyeza, anavuta uzi kwa kidole cha mguu. Mwanga wa kijani unatembea. Akina mama wanasema, "Eee!" Na ni kweli kwamba mwanga huo ulikuwa mzuri kuutazama.

Wa mwisho kuja alikuwa Kaswera, mama wa upande wa Beni, kule Kongo, aliyevuka mpaka na watoto na nguo za mwilini. Hakuwa na kifurushi. Alitoa picha moja kifuani. Ilimwonyesha mama yake mzazi mbele ya mlango wa nyumba ambayo siku hizi haiko tena. Maji yalikuwa yameila pembeni, lakini uso ulibaki.

"Uiangalie muzuri, mutoto," alisema. "Niko na hii moja tu. Ya mama haiko ingine."

Bright alimpa risiti yenye muhuri. Usiku ule hakupata usingizi, akayalaumu maharage.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari la kwanza la kwenda Kasese, kisha mbele hadi Mbarara. Picha angezitupa mtoni kwenye daraja la Nyamugasani. Kuziacha chumbani kungemchongea kabla ya chai, ila akiondoka nazo wangesema fundi amekwenda kazini, na kilio kingeanza baada ya wiki nzima.

Alivaa kiatu cha pili, soksi ikimbana vidole, akafungua mlango taratibu.

Bi Feresita alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Kando yake mayai mawili ya kuchemsha yalifungwa ndani ya jani la mgomba, kama anavyofungiwa mtu wa safari.

"Umeamka mapema, mutoto wangu. Kazi inakuita?"

"Kazi, jajja. Nakwenda Kasese. Kwa mashine kubwa." Bright alimwita jajja kama wanavyomwita bibi huko kwao, na alilitamka neno hilo kwa upole wa mjukuu wa kweli.

"Basi ni Mungu tu," alisema Feresita. "Nobert alipiga simu."

"Nobert ni nani?"

"Mujukuu wangu. Iko Kanada. Anakuja Jumamosi." Alimpa kikombe. "Anatafuta koti ya babu yake."

Akatoa picha kwenye mkunjo wa kitenge. Ilikuwa ya marehemu mume wake, Eridadi, akiwa kijana, amekaa wima kwenye kiti, amevaa koti jeusi. Kifungo cha pili cha koti hilo kilikuwa cheupe.

"Koti ilizikwa naye. Lakini Eridadi alikuwa na roho nzuri. Mutu akioa, anaazima koti. Mutu akibatiza, anaazima. Nobert anasema kila picha ya zamani yenye koti hii, analipa fundi elfu hamsini."

Bright alimeza chai bila kuionja. "Kila picha?"

"Kila picha. Lakini ameshadanganywa na watu wanaoskani kwa simu. Anataka mashine ya kweli. Kila mama na flashi yake, jina lake juu, na karatasi zenyewe zirudi alinganishe. Ukiacha hata moja nyuma, halipi kitu. Anasema fundi asichague, macho yake haijui koti yetu."

"Hana imani na watu, huyu Nobert," alisema Bright kwa masikitiko.

"Dunia imeharibika, mutoto wangu. Kula mayai."

Gari lilipovuka daraja la Nyamugasani, Bright alikuwa ameukumbatia ule mfuko mapajani kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Dirisha alilifunga, upepo usije ukafanya utani.

Kasese alipanga chumba, akamwaga vifurushi kitandani. Picha ya kwanza aliyoigeuza ilikuwa ya bwana harusi aliyevaa koti jeusi, kifungo cha pili cheupe. Ya pili, mwalimu na kitabu chake, koti lilelile. Ya tatu, kijana ambaye mikono ya koti ilimfikia magotini. Kulikuwa na mapacha waliogawana koti moja, kila mmoja mkono wake. Kulikuwa na mama aliyejitupia koti mabegani, na mtoto mchanga aliyeviringishwa ndani yake akabaki pua tu. Kila Bright alipogeuza picha, nyuma yake aliyasoma majina yaleyale: Mumbere, Bwambale, Masika, Biira. Kifurushi cha kwanza, Mumbere na Masika. Cha tisa, Masika na Mumbere.

"Lo," alisema Bright peke yake. "Wote hawa ni ukoo mmoja! Huyu Eridadi alijaza wilaya!"

Alihesabu makoti tisini na matatu. Akahesabu tena akiwa amesimama, kwa heshima.

Asubuhi alikwenda kwa Acan, mwanamke kutoka kaskazini aliyekuwa na duka la kuskani picha nyuma ya soko. Acan hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivaa glavu nyeupe za pamba, alikuwa na brashi laini ya kufuta vumbi, na kioo cha mashine yake kilikuwa safi kuliko sahani za watu wengi.

"Picha za nani?" aliuliza.

"Za familia."

Acan alizipitia chache. "Zote?"

"Familia kubwa."

"Naona wana koti moja."

"Ndilo hasa, madamu. Lina historia."

Acan alimtazama, akaitazama suti yake, akataja bei ya kazi yote pamoja na flashi ishirini na tatu. Bright alivua kiatu. Fedha za akina mama ziliisha zote mezani, bado hazikutosha. Akatoa na simu yake kubwa.

"Bado msaidizi," alisema Acan. "Picha mia tatu na zaidi, mimi nina mikono miwili. Vaa glavu."

Kwa siku mbili Bright alifanya kazi. Alifuta vumbi, alilaza picha kwenye kioo, aliandika majina ya akina mama kwenye flashi kwa kalamu nyembamba, na hakuchanganya hata moja. Kila alipochoka aliyakumbuka yale makoti, akapata nguvu mpya. Fundi mwaminifu asingefanya vizuri zaidi, na hilo lazima lisemwe.

Jioni ya siku ya pili Acan alibaki na picha moja, ile ya Kaswera. Bright aliikagua kwa kioo cha kukuzia. Haikuwa na koti hata kwa mbali.

"Hii imeharibiwa na maji," alisema Acan. "Inaweza kusafishwa kwenye kompyuta. Ni masaa matatu."

"Sina kitu tena, madamu."

"Nimekuuliza kitu?"

Akakaa akaisafisha, polepole, hadi mlango wa ile nyumba ukaonekana, na komeo lake, na tabasamu ya yule mama ambayo doa lilikuwa limeificha nusu. Bright alijifuta jicho. Alisema ni vumbi, ingawa vumbi lote alikuwa amelifuta mwenyewe.

Jumamosi ua wa Bi Feresita ulijaa magomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, ya kila rangi. Televisheni ilikuwa imetolewa nje, juu ya meza. Bright aliingia na mfuko wake akigawa vifurushi na flashi kama mbunge, na akina mama wakampigia makofi.

"Jajja," alinong'ona, "mgeni wa Kanada amefika?"

"Amefika. Anakula. Weka kwanza picha, tuone."

Flashi ya kwanza ikachomekwa. Bwana harusi akatokea, mkubwa, safi, kifungo cheupe kinang'aa.

"Koti ya Musitafa!" walipiga kelele akina mama wote kwa pamoja, wakaangua kicheko.

Picha ya pili. "Koti ya Musitafa!"

Ya tatu, kijana wa magotini. "Huyo ni kaka yangu! Koti ya Musitafa ilimumeza!"

Bright alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye kile kiatu kitupu. "Musitafa ni nani?"

Mzee mmoja mwembamba kwenye kona aliinua mkono. "Mimi. Nilikuwa na studio hapa barabarani miaka thelathini. Watu hawakuwa na makoti, kwa hiyo nilitundika langu kwenye msumari. Kila mtu alivaa. Hicho kifungo cheupe nilikitoa kwenye shati."

"Na Eridadi?"

"Eridadi!" alisema Feresita. "Maskini, hakuwa hata na sweta."

"Lakini majina, jajja! Akina Masika kumi na tisa! Si ukoo mmoja?"

Akina mama walitazamana. "Musichana wa kwanza ni Masika," Feresita alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. "Kwa kila nyumba. Musichana wa pili ni Biira. Kwenu Masaka hamuhesabu watoto?"

Kabla Bright hajajibu, flashi nyingine ikachomekwa. Kwenye televisheni alikuwa mama wa Kaswera, mlangoni pa nyumba yake. Kaswera alisimama, akasogea hadi akagusa kioo kwa ncha za vidole.

"Mama anacheka," alisema. "Nilisahau kama alikuwa anacheka."

Mama aliyekuwa karibu naye alimshika mkono, akaushikilia.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanaume mpana, amevaa fulana ya mpira, anajifuta midomo iliyokuwa na bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki.

"Nobert?" aliuliza Bright, sauti imekonda. "Wa Kanada?"

"Kanada nimeiona kwenye kalenda," alisema Nobert. "Mimi ni askari wa kituo cha polisi kule Bugoye. Bibi, nimshike?"

"Umushike kwa kosa gani, afande? Picha zimerudi. Kazi imefanyika, na nzuri."

Bright aligeuka, machozi ya hasira machoni. "Jajja! Wewe ulinidanganya!"

"Kidogo," alikubali Feresita. "Wiki tatu mashine yako inafanya kazi nyumbani kwangu, na mita ya umeme haishuki hata yuniti moja. Nikafagia chumba, nikaona uzi. Nikauvuta. Tochi yako ni nzuri. Kisha nikaona umefunga mfuko, nikajua unaondoka." Alimpa kikombe cha chai. "Ningepiga kelele, ungekimbia. Nobert angekushika wewe, lakini picha ya Kaswera ingeshikwa na nani?"

Bright alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa chai. Vijiko vitatu vya sukari, kama kawaida.

"Na ile nusu iliyobaki?" alijaribu kwa mara ya mwisho. "Tulipatana nusu sasa, nusu kazi ikiisha."

Akina mama walicheka hadi wengine wakashika matumbo. Lakini Feresita hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, vikombe viwili vya maharage ndani ya kitambaa, na nauli ya hadi Masaka, kamili, bila ya chakula kwa kuwa chakula kilikuwa kuku.

"Mutu aliyefanya kazi hatoki mikono mitupu. Sasa simama hapo."

Musitafa alikuwa anatoa kitu kwenye gunia. Jeusi, limeliwa na nondo kwenye kola, kifungo cha pili cheupe. Wakamvalisha Bright. Lilimkaa vizuri kuliko suti yake. Akina mama ishirini na wawili wakainua simu zao, Nobert akainua yake, na wakampiga picha akiwa na kuku kwapani: ya mbele, ya ubavu wa kulia, na ya ubavu wa kushoto, kama Nobert alivyoshauri.

"Sasa na wewe ni wa ukoo," alisema Feresita. "Bwera yote inakujua."

Bodaboda ilikuwa inanguruma barabarani. Bright alivua koti, akalikunja mwenyewe, vizuri, akamrudishia mzee. Alipokwisha kupanda nyuma ya dereva, Bi Feresita alitoka hadi kwenye uzio, akashika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Urudi kututembelea, mutoto wangu," alisema, naye alimaanisha. "Wamama wa Kyarumba wamesikia habari yako. Na wao wako na picha nyingi."